Mikono mingi katika kitambaa kimoja

Wenzetu wengi wamekwisha kuandika juu ya mahari, juu ya ngoma za matanga, juu ya majina tunayowapa watoto mapacha. Sisi mara hii tunaomba nafasi kidogo kwa jambo ambalo wengi hawalihesabu kuwa desturi: kushona vipande. Yaani kuchukua vitambaa vidogo vidogo, vingine vipya, vingine vimechakaa, na kuviunganisha mpaka kitokee kitu kizima, bila patroni, bila lati, bila chaki. Mtu anaanza tu, anatazama alichokifanya, anaongeza, na mkono unatafuta njia yake.

Siku hizi, kule Marekani na Ulaya, kazi hii ina wapenzi wengi sana. Wanashona mablanketi ya vipande: kitambaa cha juu kimeunganishwa kwa vipande, katikati pamba, chini kitambaa kingine, na vyote vitatu vinapitishwa uzi ili vishikane. Zamani wengi wao walifuata michoro iliyopimwa vizuri, nyota hapa, mraba pale. Wale wa kisasa wamekata shauri kuacha vipimo: wanakata kwa jicho, wanashona, wanageuza, wanakata tena, kama vile mpiga gitaa anavyobuni papo hapo wakati wengine wanacheza. Mwaka wa 2009 wakaanzisha hata chama chao, Modern Quilt Guild. Na ukisoma habari zao, utaona jina la kijiji kimoja cha watu weusi huko Alabama linarudi rudi. Tutafika huko. Lakini tuanze nyumbani, maana mtu wa Kongo hana haja ya kupanda ndege ili aone kazi ya namna ile. Inatosha apande treni ya Ilebo.

Kila mtu wa Lubumbashi anajua velu ya Kasai. Inawekwa ku ukuta wa salon, juu ya televizyo, au inafunikwa juu ya kiti siku wageni wanapokuja. Ni kipande cha mraba, karibu sentimeta 60 kila upande, chenye manyoya laini na michoro ya pembe pembe. Wengi wanafikiri kazi ya Bakuba ni hiyo tu. Hapana. Ile velu ndogo ni kama neno moja. Sentensi yenyewe ni sketi ndefu, ile ambayo mwanamke wa Kikuba anaizungusha kiunoni mara nyingi siku ya sherehe. Ikikunjuliwa chini, inaweza kupita mita 6. Na hapo njo penye ajabu: mwenye kuivaa hawezi kuonyesha sketi yote. Sehemu kubwa imefichwa ndani ya mizunguko. Lakini hata sehemu iliyofichwa imeshonwa kwa uangalifu uleule.

Bakuba wanakaa kati ya mito Kasai, Sankuru na Lulua, na mji wa mfalme wao, anayeitwa nyim, ni Mushenge. Si kabila moja kama watu wanavyosema. Ni ufalme uliokusanya makabila mengi: Bushoong, Ngeende, Shoowa, Ngongo, Pyang na wengine. Mapokeo yao yanasema kwamba mfalme Shyaam, wa karne ya 17, ndiye aliyeleta kutoka magharibi ufundi wa kutarizi rafia. Kazi imegawanywa. Wanaume wanatunza miti ya rafia, wanachambua majani machanga na kuyafuma. Wanawake wanabrode ile velu, na sketi za wanawake zinaunganishwa na wanawake. Za wanaume, wanaume.

Sasa msomaji atauliza: kwa nini vipande? Kwa nini wasifume kitambaa kirefu mara moja? Jibu liko katika jani lenyewe. Nyuzi za rafia hazifungwi mwisho kwa mwisho kama uzi wa pamba. Urefu wa jani ndio urefu wa kitambaa. Ukitaka kitu kikubwa, lazima uunganishe. Halafu kitambaa cha rafia kikitoka kwenye mtambo wa kufumia ni kigumu sawa na gunia. Kinatiwa ndani ya kinu na kutwangwa mpaka kinalainika. Na mchi hauna huruma: unatoboa. Basi mwanamke anaweka kiraka juu ya tundu. Lakini kiraka kimoja peke yake kinaonekana kama kosa, kwa hiyo anaweka kingine pale ambapo hapana tundu lolote, ili cha kwanza kipate mwenzake. Halafu cha tatu. Wataalamu waliozichunguza sketi hizi wanaona kwamba huko ndiko ilikotoka ile michoro yao mizuri ya viraka, viraka vya duara, vya mstari, na vile vilivyokunjwa sawa na kiwiko cha mkono. Kiraka kilizaa viraka.

Na yote haya bila kuchora. Katika velu pia ni hivyohivyo: mwanamke anapitisha unyuzi wa rafia kwa sindano chini ya nyuzi mbili tatu za kitambaa, anaukata kwa kisu kidogo pande zote mbili, hafungi fundo, anaendelea. Mchoro uko katika kichwa chake na katika vitambaa alivyoviona kwa mama yake, kwa shangazi, kwa jirani. Akifika katikati, anaweza kugeuza: mistari iliyokuwa myembamba inanenepa, pembe zinavunjika, mchoro wa kwanza unaingia ndani ya mwingine. Mzungu aliyezoea karatasi ya ukutani, ambayo maua yanarudia vilevile kutoka mlango mpaka dirisha, anafikiri fundi amesahau. Hakusahau.

Kuna hadithi inayosimuliwa sana juu ya Bakuba na pikipiki. Katika miaka ya 1920 wamisionari walimwonyesha mfalme pikipiki, wakitumaini atashangaa. Mfalme hakuijali mashini. Alichokipenda ni alama ya gurudumu katika mchanga. Akaamuru ichukuliwe, na ikawa mchoro kati ya michoro ya Bakuba. Sisi tunaipenda hadithi hii kupita zile za vita na za ushujaa. Inaonyesha watu ambao macho yao hayakulala, watu waliokuwa tayari kupokea kutoka popote, hata kutoka kwa mpira wa gari.

Wageni nao walipokea kwao. Mwaka wa 1892 William Henry Sheppard, mmisionari mweusi kutoka Virginia, Marekani, alifika mji wa mfalme wa Bakuba, akarudi kwao na vitambaa ambavyo hata leo viko Hampton. Mwaka wa 1908 Emil Torday, mtu wa Hungaria, alikusanya vingine vingi kwa ajili ya British Museum ya London. Na Henri Matisse, mchoraji mkubwa wa Ufaransa, alikuwa na velu za Kasai, akazitundika ku ukuta wa chumba chake cha kazi na kuzitazama sana. Wenye kujua mambo ya sanaa wanasema zinaonekana katika karatasi alizozikata alipokuwa mzee. Ni vizuri. Lakini tunaomba tuseme jambo moja hapa. Matisse akitazama velu ya Kasai, vitabu vinaandika kwamba alipata mwangaza. Mama wa Mweka akitazama kitambaa cha jirani yake na kukibadili, vitabu vilevile vinaandika kwamba anafuata mila. Kwa nini yule apate mwangaza na huyu afuate tu? Kazi ya jicho ni ileile.

Sisi tuliopita ISP tulifundishwa kwamba mwanafunzi anayekopia apewe sifuri, na ni haki. Katika enterro ya gramatika, jibu la jirani ni la jirani. Lakini shule zetu nyingi zina pia opsioni ya ushonaji, ile tunayoiita kupe-kutiri, na hata huko utasikia msichana akigombezwa: "Unatazama nini kwa mwenzako? Tazama patroni yako!" Basi anakaza macho kwenye karatasi. Akimaliza miaka yake yote, anajua kushona robe moja kama ilivyo katika karatasi, ukimpa mabaki ya vikwembe vitano na kumwambia afanye kitu, anakuuliza, "Madamu, kitu gani?" Hatusemi kwamba patroni ni mbaya. Mtu anayeoa kesho anataka koti lenye mikono miwili iliyo sawa. Tunasema kwamba kuna kukopia na kuna kujibu. Mwenye kukopia anaona duara kwa jirani, naye anaweka duara. Mwenye kujibu anaona duara, anajiuliza ile duara inakosa nini, na anaweka kile kinachokosekana. Haya hatukuyasoma katika daftari za pedagojia. Tuliyasikia kwa mama mkwe, mu Katuba.

Sisi si Bakuba. Kwetu ni Kongolo, Bahemba. Tuliingia katika mambo ya rafia kwa mlango wa ndoa, mwaka wa 2004. Baba mkwe alikuwa mfanyakazi wa reli, ile reli iliyofika Ilebo mwaka wa 1928 na kuwaleta watu wengi wa Kasai huku kwenye shaba. Mama mkwe alikuwa Mubushoong wa upande wa Mweka. Alipoolewa alikuja na vipande kumi na vinne vya rafia vilivyoanzwa na mama yake, vimeunganishwa nusu nusu, kwa ajili ya sketi. Tunasema "kwa ajili ya sketi", lakini Bakuba wote wanajua sketi ya namna ile inangoja siku gani. Mtu wao akifa anavishwa rafia, ili waliotangulia wamtambue anapofika.

Mwaka wa 1993, wakati watu wengi wa Kasai walipolazimika kuacha Katanga na kulala ku magare wakingojea treni, mdogo wake mama mkwe aliondoka pamoja na watoto. Mama mkwe mwenyewe alibaki kwa sababu mume alikuwa mgonjwa, hawezi kusafiri. Usiku wa mwisho dada hawa wawili walikata uzi wa katikati. Vipande saba kwa huyu, saba kwa yule. Hawakufanya hivyo kwa ugomvi. Walifikiri kwamba kama mmoja anapotea njiani, kitambaa kisipotee chote. Baba mkwe alikufa mwaka uliofuata. Dada hawa hawakuonana tena kwa miaka 22.

Tulipoingia katika nyumba ile, vipande saba vya Lubumbashi vilikuwa ndani ya kantine ya chuma chini ya kitanda. Paa lilikuwa linavuja, na mende wa Katuba wanajulikana. Matundu yalikuwa mengi. Rafia nzuri mu Lubumbashi ni shida kupata, na ile ya soko ni ya kutengenezea vitu vya watalii. Macho ya mama mkwe yalikuwa yameanza kuingia ukungu, kwa hiyo siku moja alituita, sisi wenye macho.

"Lete ile salopeti ya baba yenu."

"Mama, ile ya kazi?"

"Ile ile. Ukate pa magoti. Pale alikuwa anapigaka magoti ku reli, pale njo pamelainika."

Ilikuwa salopeti ya bluu, na kweli, pa magoti rangi ilikuwa imefifia mpaka kukaribia kijivu. Tukauliza tukate namna gani, kwa kipimo gani. Alicheka. Akashika mkono wetu na kuuweka juu ya kiraka cha zamani kilichoshonwa na mama yake, kiraka kirefu chembamba.

"Unasikia? Ya mama yangu iko mulefu. Basi weye ukate mufupi. Na usiweke karibu. Umujibu, usimulalie."

Usimlalie. Neno hili lilitukaa kichwani. Tulishona viraka vinne vya bluu kwa muda wa msimu mmoja wa mvua, sisi tulio Bahemba, juu ya rafia ya watu wa Mweka, na kila kimoja alikipitishia vidole kabla ya kusema ndiyo. Cha tatu alikikataa. Tulikuwa tumekiweka vizuri sana, alisema, katikati kabisa ya nafasi tupu. "Hii imekala sawa shefu. Ipeleke pembeni kidogo." Na ilipopelekwa pembeni, hata sisi tuliona nafasi tupu imeanza kupumua.

Mwaka wa 2015 ugonjwa wake ulipozidi, mdogo wake alipanda treni kutoka Mweka na nusu yake ya kitambaa ndani ya mfuko wa plastiki. Alifika baada ya safari ndefu, miguu imevimba. Kesho yake tulitandika nusu zote mbili juu ya mikeka katika uwanja wa nyumba, na mama mkwe akaletwa juu ya kiti.

Hazikufanana hata kidogo. Nusu ya Mweka ilikuwa imejaa: viraka vyeusi, karibu karibu, kama watu waliobanana. Nusu ya Lubumbashi ilikuwa na nafasi kubwa tupu na zile alama nne za bluu. Mtu aliyepita angesema ni sketi mbili za wanawake wasiojuana.

Hapo ugomvi ulianza, na hatutaki kuupunguza, kwa sababu kila upande ulikuwa na maneno yake. Wifi yetu mkubwa, anayekaa Kinshasa, mwanamke aliyesoma na anayeheshimu mambo ya kwao kuliko ndugu zake wote, alisema wazi: Mukuba hazikwi na kitambaa cha fabriki. Bluu si rangi ya rafia. Salopeti ni nguo ya kampuni. Tena, kwao ukoo unafuata upande wa mama, na sketi ya namna hii ni mali ya ukoo; mkono wa mke wa mtoto wa kiume, tena wa kabila lingine, unaingiaje? Afumue. Wengine walisema: lakini mama mwenyewe aliomba. Wengine: mama ni mgonjwa, hajui tena anachosema. Siku mbili watu walikula kila mmoja pembeni yake. Na tunasema kwa haki: juu ya desturi, wifi alikuwa anasema kweli. Ndivyo wanavyofanya kule Mweka, na wana sababu. Mtu asiyevaa rafia, waliotangulia watamjuaje?

Mama mdogo, yule aliyetoka Mweka, hakusema kitu siku hizo mbili. Alikuwa amekaa juu ya mkeka, anapapasa mishono. Alijua kuisoma kama sisi tunavyosoma mwandiko wa wanafunzi wetu. "Hapa dada alikuwa amechoka," alisema. "Hapa aliamuka na nguvu." Halafu akafika kwenye bluu. "Mukono hii ni ya nani?"

Tulijibu kwamba ni yetu.

Alitazama kiraka cha bluu, akatazama kile kirefu cha mama yake, akarudi kwenye bluu. "Anajibu," alisema, si kwetu, kwa wifi. "Aiko mutoto ya mama yetu, lakini anajibu."

Halafu akafungua mfuko wake wa plastiki. Alikuwa amekuja na mafundo ya nyuzi za rafia, nyeupe na zilizotiwa ile rangi nyekundu ya mti ambayo Bakuba wanaisaga kuwa unga. Akaanza kupitisha rafia juu ya zile bluu, mishono midogo midogo inayokatana, kiraka kimoja baada ya kingine, bila kuzifunika kabisa. Kazi hiyo ilimchukua siku tisa. Katika nusu yake mwenyewe, iliyokuwa imejaa, alifumua viraka viwili vyeusi ili kutengeneza nafasi, na akavihamishia upande wetu. Alipomaliza, bluu ilionekana katikati ya nyuzi kama maji nyuma ya matete.

"Sasa iko rafia," alisema. "Bluu inakala mu ndani, sawa mutu mu nyumba yake."

Wifi alisaidia kushona ule uzi wa katikati, nusu kwa nusu, lakini hata leo hajasema kwamba amekubali. Tunamheshimu kwa hilo. Mama mkwe alikufa baada ya miezi mitatu, akavishwa sketi ile. Watu wanatuomba picha. Hakuna picha. Majumba ya makumbusho ya Tervuren, London na Hampton yana sketi nzuri za Bakuba, zimelala katika droo zao. Lakini tunafikiri zile zilizopendwa kupita zote haziko kwenye droo yoyote, ziko chini ya udongo pamoja na wenyewe.

Miaka miwili baadaye, mwenzetu mmoja anayefundisha Kiingereza alituletea kitabu cha picha na kusema, "Madamu, tazama hii, hawa si bamama wa kwenu?" Walikuwa wanawake wa Gee's Bend, kijiji kilichoko ndani ya kona ya mto Alabama, katika wilaya ya Wilcox. Wakazi wake ni wajukuu wa watumwa waliofanya kazi katika shamba la pamba. Wengi wanaitwa Pettway, jina la bwana wa shamba. Katika kurasa za mbele tulikuta blanketi la mwaka 1942, la Missouri Pettway: limeshonwa kwa nguo za kazi za mume wake aliyekufa. Alizikata nguo zake za shambani, akaziunganisha, ili awe na kitu cha kumkumbuka na cha kujifunika. Bluu iliyofifia, kahawia, kijivu. Tuliendelea kutazama ile bluu mpaka mwenzetu akauliza kama tuko salama.

Hatutaki kusema zaidi ya tunachokijua. Wako wanaoandika kwamba mablanketi yale yametoka moja kwa moja katika vitambaa vya Afrika ya Kati. Mababu wa watu wa Gee's Bend walichukuliwa kutoka pande nyingi, na hakuna anayeweza kuvuta uzi mmoja mnyoofu kutoka Mweka mpaka Alabama. Tena, kazi ya pamba na sindano katika mablanketi, watu weusi wa Marekani waliikuta huko. Tunachokiona sisi ni kwamba watu waliobanwa na uhaba katika nchi mbili walifika kwenye akili moja, nayo ni kutazamana.

Maana kijiji kile kilikuwa kimefungwa. Mwaka wa 1962, wakati watu weusi walipotaka kujiandikisha ili wapige kura, pantoni yao ya kuvuka mto iliondolewa. Haikurudishwa mpaka mwaka 2006. Wanawake wale hawakuwa na duka la vitambaa. Walikuwa na vitambaa vilivyochakaa na majirani. Majira ya baridi yakiisha, wanatoa mablanketi nje na kuyaanika ili yapigwe na hewa, na anayepita njiani anatazama yote. Hapo anaona jirani ameweka nyekundu mahali ambapo yeye asingethubutu. Anarudi kwake, anakata. Sehemu ya juu kila mwanamke anaiunganisha peke yake, katika nyumba yake, kwa namna yake. Lakini kupitisha uzi katika tabaka zote tatu, wanaitana na kukaa pamoja kuzunguka fremu ya mbao.

Kuna jambo la mwaka 1972 ambalo linatufaa sana sisi walimu. Chama chao cha ushonaji, Freedom Quilting Bee, kilichoanzishwa mwaka 1966, kilipata kazi ya kushonea kampuni ya Sears foronya za velu ya mistari, ile ya suruali za baridi. (Ndiyo, velu! Lugha ya Kifaransa imewapa jina moja wanawake wa Kasai na wa Alabama.) Foronya zilitakiwa ziwe sawa zote, kwa kipimo cha kampuni, na walizishona hivyo. Mabaki wakayachukua nyumbani. Kutoka kwenye mabaki yale yale, ya rangi zile zile chache, yalitoka mablanketi ambayo hakuna mawili yanayofanana. Mwaka wa 2002 yalitundikwa katika makumbusho ya Houston, kisha New York, na watu wakasimama mbele yake kama wanavyosimama mbele ya Matisse.

Tangu hapo, Jumamosi mchana, pamoja na mwenzetu wa opsioni ya ushonaji, tunakaa na wasichana wa mwaka wa tano na wa sita. Hakuna pointi, hakuna enterro. Kila mmoja analeta kipande kutoka nyumbani na kusema kilikuwa cha nani. Vinakuja vikwembe, mashati ya bluu na nyeupe ya unifomu, mara moja pazia la kanisa (tuliuliza mara mbili kama lilitolewa kwa ruhusa). Sharti ni moja: kabla ya kushona, utazame kipande cha aliyetangulia, na useme kwa mdomo utakijibu namna gani. Mwanzo ilikuwa shida. Walizoea kuficha madaftari kwa mikono, na walificha hata vitambaa. Msichana mmoja alikaa Jumamosi mbili bila kushona, akisema vya wenzake vyote ni vizuri, chake kitaharibu. Jumamosi ya tatu alishona mstari wa njano, umepinda, pembeni kabisa. Sasa wote wanashona wakiutafuta ule mstari.

Blanketi halijaisha. Upande wa kushoto unahitaji nyekundu, na mwenye kikwembe chekundu amehamia Kolwezi pamoja na wazazi wake. Tumemwandikia atume kipande na dereva yeyote anayekuja huku. Amejibu kwamba atatuma, lakini kwanza tumtumie picha ya upande ule, aone.